Mpiga Chapa Aliyefuta Jina la Mzee Fanueli

Saa moja na nusu asubuhi. Ukungu bado umelalia mapaa ya Lushoto, na Mwajuma Shemweta anaondoa kitambaa kilichofunika taipureta yake. Hajaweka hata karatasi, tayari kuna mtu dirishani. Ni mkulima kutoka Malindi ya huku huku milimani, amekuja kutazama jina lake likipigwa chapa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Endelea tu, mwanangu. Mimi nasimama hapa hapa."

Mwajuma anapiga jina, anachomoa karatasi, anamwonyesha. Mkulima anaisoma mara mbili, kisha anaondoka bila kuaga.

"Nimezoea," Mwajuma anasema. "Tangu mambo ya mwaka jana, hakuna anayeniachia jina lake akaenda zake."

Mwajuma, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili, ni mpiga chapa wa ushirika wa wakulima wa mboga. Mshahara wake wa shilingi 340 kwa mwezi unalisha watu sita. Chuo hakukiona. Ushirika ulipoacha kuandika barua zake kwa Kiingereza, ulimtoa kwenye mizani ya kabichi ukampa mashine, pamoja na kijitabu cha Kiswahili cha kurasa kumi na tisa kisicho na jina la mwandishi.

Machi mwaka jana, 1975, alipewa kazi ya kupiga orodha ya familia zitakazopata viwanja vya bondeni, penye maji, katika kijiji kipya cha ujamaa. Siku tatu baadaye orodha ikabandikwa mlangoni. Jina la Fanueli Kaniki lilikuwa limepigwa x saba. Kilichosomeka ni Kaniki tu.

Watu hawakuhitaji kuelezwa. Mzee Fanueli ndiye aliyesimama mkutanoni akapinga kuhamishwa. Sasa jina lake limekatwa, na si kwa kalamu, bali kwa mashine ya ofisi.

"Nilijua nimeadhibiwa," anasema mzee huyo. "Nilichotaka kujua ni nani kala nini."

Katibu wa ushirika, Eliudi Singano, alimwita Mwajuma na kufunga mlango.

"Nani alikutuma?"

"Sikutumwa, ndugu katibu. Na sikulikata."

"Basi limejikata lenyewe?"

Ufunguo wa chumba cha mashine walikuwa nao wawili tu: yeye na katibu. Orodha ilikuwa imelala katika saraka ya meza ya katibu siku mbili kabla ya kubandikwa. Mwajuma alijumlisha moja na moja.

"Nilisema ni yeye," anakiri. "Kakata jina, sasa ananitupia mimi. Nikaacha hata kunywa chai ya ofisini."

Wiki nzima walipishana ukumbini bila salamu. Nyumbani, mama yake alimuuliza kwa Kishambaa kama ni kweli alipewa kitu. Swali hilo, anasema, lilimuuma kuliko maneno yote ya sokoni.

Akaamua kumnasa katibu. Alitoa nakala ya kaboni aliyoihifadhi mwenyewe siku ile ile ya kupiga chapa, akitumaini kuikuta safi. Nakala hiyo ingethibitisha kwamba x zilipigwa baadaye, na mtu mwingine.

Haikuwa safi. Zile x saba zilikuwapo.

"Nakala ile hakuna aliyeigusa ila mimi."

Ndipo alipoona mstari wa juu yake. Palikuwa na jina la mkulima mwingine, Hezekia, lakini lilikuwa limeandikwa Hezekla. Kosa hilo alilikumbuka vizuri. Alikumbuka pia kwamba alilifuta kwa x saba, ili aliandike upya kwa kalamu. Mbona bado lilikuwapo?

Akafungua kijitabu. Ukurasa wa nne ulisema kirudishi ni ule mkono wa chuma unaovutwa mwisho wa mstari, unaorudisha karatasi mwanzo na kuisogeza mstari mmoja. Ukurasa wa kumi na moja ulisema: "Ukikosea, rudi kwa kirudishi, kisha piga x." Hapo mwandishi alikuwa na maana ya kitufe kingine kabisa, kinachorudi nyuma herufi moja moja.

Siku zote Mwajuma alikuwa akifuta makosa kwa ufutio. Siku ile nakala zilikuwa nne, na ufutio ungechafua kaboni, kwa hiyo akafuata kitabu. Orodha ilikuwa imeshapigwa yote; akairudisha karatasi hadi mstari wa Hezekla, akavuta mkono wa chuma. Karatasi ikarudi mwanzo na kuruka mstari mmoja. Macho yake yakiwa kwenye muswada, kama kitabu kilivyofundisha, akapiga x saba juu ya Fanueli. Katibu alikuwa mlangoni akihimiza. Karatasi ikachomolewa kabla hajashika kalamu, ikapigwa muhuri.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyeiona nakala ile.

Aliibeba hadi mkutanoni, pamoja na kijitabu na mashine, akarudia kosa lake mbele ya watu. Mzee Fanueli alitazama mpaka mwisho.

"Kitabu hakina mikono," akasema.

"Kweli, baba. Mikono ni yangu. Nisamehe."

Mzee alipata kiwanja, ila cha pembeni, ambako maji hufika yamechoka. Kile cha kwanza kilikuwa kimeshalimwa na mwingine. Mwajuma alipewa barua ya onyo, akatakiwa aipige chapa mwenyewe.

Alimwomba katibu radhi kwa kumshuku. Katibu naye akasema, "Tulishukiana sote." Chai wanakunywa, ingawa ufunguo wa pili sasa anao mwenyekiti.

Ukimuuliza Mzee Fanueli kama ameamini, anajibu polepole: "Nimeona kwa macho. Moyo bado unafikiri."

Jioni, kazi ikiisha, Mwajuma huandika kijitabu chake. Amefika ukurasa wa ishirini na sita. Kila kitufe kina jina moja, na jina hilo halipewi kitufe kingine. Kinachorudi herufi moja amekiita kirudisha-herufi. Ule mkono umebaki kuwa mkono.

Mwezi uliopita alipeleka kurasa za kwanza kwa wakaguzi wa miswada mkoani. Walijibu kwamba "mkono" si neno la kitaalamu, wakapendekeza kulibadilisha katika ukurasa wa pili.

Mwajuma ameshaandika jibu, na anatumaini kijitabu kitakuwa kimetoka kabla ya mvua za mwakani.

"Nimewaambia neno zuri nalikubali," anasema. "Lakini wakilibadilisha ukurasa wa pili, walibadilishe mpaka wa mwisho. La sivyo wanirudishie karatasi zangu."