Gari la Harusi Lililogeuka Kulia Tu

Wacha nijicheke mwenyewe kwanza, ndipo ninyi mcheke, maana najua mtacheka na wala sitawazuia. Katika maisha yangu ya kuzurura nimewahi kulala msikitini mchana nikaamka katikati ya swala ya maiti (wakadhani aliyenyanyuka ni maiti), nimewahi kumsimulia mwenye hoteli ubaya wa chai yake bila kujua ndiye mwenyewe, lakini hakuna aibu iliyonifuata mji hadi mji kama ile ya Garissa, siku nilipompeleka bwana harusi kwa mkwewe kwa gari nililolichagulia matairi mimi mwenyewe, mchana kweupe, akili zangu zikiwa timamu.

Kwetu ni Witu. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu malori yalikuwa yakipita mbele ya dirisha la darasa na mimi nikitaka kujua yanakwenda wapi, basi nikawa utingo, na lori moja likanifikisha Garissa wakati wa vita, vile ambavyo serikali iliviita vita vya shifta na wengine pale mjini waliviita majina mengine ambayo hayakusemwa mbele ya askari. Barabara hazikuwa za mtu kujiendea tu. Malori yalingoja msafara wenye ulinzi, msafara ukipangwa unaahirishwa, na kafyu ilianza jua likizama, kwa hiyo mtu mwenye miguu ya kuwasha kama mimi alibaki na kazi moja tu, kuzunguka mji akiuliza maswali.

Ndipo nikaliona lile gari. Lilikuwa gari la mbio, jekundu, la viti viwili, halina paa, tumbo lake chini kabisa kama la kenge, nalo liliachwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao baada ya uhuru. Alilichukua Abdille, mfanyabiashara wa ng'ombe, kijana mkubwa wa mwili na wa moyo, aliyekuwa akilipenda kuliko alivyopenda usingizi. Shida ni kwamba matairi yake yalikuwa yameliwa na miiba na mawe mpaka nyuzi zinachungulia, na matairi mapya ya saizi yake yalikuwa Nairobi yakingoja msafara kama sisi wengine.

Shida ya pili ilikuwa mkwe. Abdille alikuwa anamwoa binti wa Mzee Gedi, mfugaji aliyehamia mjini na ngamia wake wachache na ulimi wake wote. Siku walipokaa kuzungumzia harusi, mzee alilitazama lile gari kwa muda, akasema mbele ya watu, "Abdille, ile kitu yako ni kama mgonjwa. Kila siku naona watu nyuma yake wanasukuma. Siku ya aroos nitatuma ngamia ikuchukue."

"La, mzee," Abdille akasema. "Nitafika kwa gari, nimekaa ndani, na hakuna mtu atasukuma."

"Haye. Nikiona mkono ya mtu nyuma yake, kesho yake unaiuza, unanunua ngamia. Umekubali?"

Mbele ya wazee wote wale, angesema nini? Akakubali. Kisha akanitafuta mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshamwuliza maswali mengi kuhusu lile gari hata akaamini najua majibu. "Warya Kombo," akaniambia, "gari ikifika kwa mzee bila kusukumwa, wewe ni dereva yangu. Unaacha lori kabisa." Mimi dereva! Wa gari jekundu! Usiku huo nilijifunza kukunja uso kama dereva.

Nyuma ya duka la Mwarabu mmoja palikuwa na gari kubwa la Kimarekani lililokufa zamani, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma, lakini matairi yake yalikuwa mazima kabisa, na mwenye duka akatuambia tuyatumie tu mpaka yetu yafike. Nikachuchumaa nikasoma namba. Tairi la gari letu liliandikwa 5.60, halafu kistari, halafu 15. La Mmarekani 7.60, kistari, 15. Pale pia palikuwa na tairi la Landrova, 6.00 kwa 16, nikalikataa kwa dharau ya mtaalamu, maana nilijua ile namba ya mwisho ni ya ringi, na ringi yetu ni 15, kwa hiyo 16 ingechezacheza kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Hapo sikukosea, naomba mnikumbuke kwa hilo.

"Na ile ya mbele?" Abdille akauliza. "Saba na tano?"

"Hiyo ni unene wa tairi."

Akafikiri, na kwa ulimi wake ambao P huwa B na V huwa F, akasema, "Ngamia mguu yake ni bana. Mbuzi mguu yake ni nyembamba. Nani anabita mchanga fizuri?"

"Ngamia."

"Basi weka ngamia."

Na mimi, badala ya kusema ngoja tupime, nikaona huo ndio uganga wenyewe, maana mtaa wa Mzee Gedi ulikuwa ndani ya mchanga mtupu, na tairi nene lingeliinua gari juu na kulipa nyayo pana. Tukalipandisha gari juu ya mawe, tukavalisha yale matairi yote manne, nikazungusha usukani kulia mpaka mwisho, nikazungusha kushoto mpaka mwisho, magurudumu yakaitikia bila kugusa chochote. Lile dogodogo likasimama limevimba kifua. Watu wakaja kutazama. Mzee mmoja wa sokoni akasema sasa limekuwa dume. (Madigadi ya mbele kushoto, lile bati la juu ya tairi, ilikuwa imebonyezwa na fahali zamani, ikaingia ndani kidogo. Niliiona. Nikaona pia kwamba rangi yake bado ni nzuri.)

Siku ya harusi tukaondoka alasiri. Mimi kwenye usukani, kulia, na shati la kuazima. Abdille kushoto kwangu, amenenepeshwa na wiki nzima ya nyama na maziwa ya ngamia, amejaza kiti mpaka mlango unalalamika. Nyuma yake, juu ya buti, amekaa shangazi yake, Eddo Halima, akipiga vigelegele vya kuamsha wafu. Na nyuma ya gari wanawake wa ukoo wakitembea kwa miguu, wakiimba na kupiga makofi. Nikaenda polepole ili wasiachwe. Jamani, nilikuwa mtu!

Njia ilikuwa rahisi. Unafuata barabara kubwa mpaka kizuizi cha polisi kilicho mbele ya kituo chao, pale unakata kushoto, unaingia mchangani, unafika kwa mzee. Njia nyingine ya kuingia mtaa ule ilikuwa imefungwa kwa seng'enge tangu vita vianze. Nikafika kwenye kizuizi, nikakata kushoto, na usukani ukagoma. Ulizunguka kidogo tu, kisha kutoka chini ya madigadi ikatoka sauti, nyie, kama punda aliyekanyagwa, na harufu ya mpira unaoungua. Nikarudisha usukani haraka. Nikajaribu kulia: laini kama siagi. Basi kwa kuwa gari lilikuwa linakwenda na wanawake wanaimba na mamia ya macho yananitazama, nikakata kulia.

"Warya Kombo," Abdille akasema, "nyumba ya mzee iko kule. Tumebita."

"Najua, bwana. Nawaonyesha watu gari kidogo."

"Haye, fizuri. Onyesha."

Na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, kwa uamuzi huo mdogo wa kutosema ukweli. Nikakata kulia tena kwenye ofisi za serikali, nikakata kulia tena kwenye soko la mifugo, mbuzi wakikimbia, wachuuzi wakipunga mikono, nikakata kulia ya nne nikarudi barabara kubwa kuelekea kizuizi kilekile, nikiomba tairi liwe limelainika. Halikulainika. Punda akalia tena. Nikakata kulia.

"Kombo, watu wameona gari."

"Wa upande ule hawajaona vizuri."

Wanawake, Mungu awabariki, walitufuata mzunguko wote, ila wimbo ulianza kupungua maneno na kuongezeka kukohoa, kwa ajili ya vumbi. Eddo Halima akainama akaninong'oneza sikioni kwa Kiswahili chake kizuri cha sokoni, "Mwanangu, wewe umepotea katika mji wenye barabara moja?"

Mara ya tatu tulipokaribia kizuizi, Abdille hakutabasamu tena. "Kombo," akasema bila kugeuza shingo, "wallahi niambie. Mimi naoa binti ya Gedi, au naoa boma ya bolisi?"

Inspekta wa kile kizuizi alikuwa amesimama katikati ya barabara mkono juu, na askari wake nyuma yake wameshika bunduki kwa namna ambayo haikuwa ya harusi. Nikakanyaga breki. Wimbo ukakatika. Ndipo nilipokumbuka tuko wapi na ni wakati gani, kwamba watu walikuwa wamewekwa ndani kwa mambo madogo kuliko haya.

"Wewe!" inspekta akasema. "Mara ya kwanza nilisema, ni harusi. Mara ya pili nikasema, ni furaha. Sasa mara ya tatu unahesabu askari wangu, ama ni nini?"

"Hapana, afande. Ni harusi tu."

"Harusi gani inazunguka kituo cha polisi? Kata kushoto, egesha pale, mshuke."

"Afande," nikasema, na nilitamani ardhi inimeze na usukani wangu, "gari hili halikati kushoto."

Inspekta akasogea mlangoni.

"Linakata wapi?"

"Kulia tu, afande."

"Lilitoka kiwandani hivyo?"

"Hapana, afande. Nimelirekebisha."

Nilimwona Abdille akinigeukia taratibu, kama mtu anayesikia habari ya msiba. Inspekta alidhani namchezea. Akaniambia niteremke, akaingia mwenyewe, akatia gia, akakata kushoto kwa nguvu za serikali, na punda akalia kilio kirefu kuliko vyote, moshi ukatoka chini ya madigadi, gari likazima. Akashuka akiwa mtu mwingine. Akachungulia gurudumu, akamtazama Abdille, akachungulia tena.

"Huyu bwana akishuka," akasema, "chuma kitapanda juu, na tairi litaachia."

"Sishuki," Abdille akasema.

"Unasemaje?"

"Afande, nisamehe, lakini sishuki. Nilimwambia mkwe yangu mbele ya watu nitafika nimekaa, na gari haitasukumwa. Nikishuka haba, watu wa mzee ngambo wananiona, mimi si mwanaume tena. Nibeleke kortini nikiwa nimekaa."

Eddo Halima akateremka kwenye buti akaanza kumlilia inspekta kwa lugha mbili pamoja, kwamba mtoto huyu hana baba, kwamba ngamia wameshachinjwa, kwamba jua lile linazama na bibi harusi amekaa na hina mikononi. Inspekta akatazama jua. Akatazama ule umati wa wanawake kwenye kizuizi chake, na kafyu yake mwenyewe inakuja, na nadhani alijiona akieleza wakubwa kwa nini harusi nzima ililala barabarani kwa amri yake.

"Askari!" akaita. "Bunduki mabegani. Shikeni hapa chini. Inueni!"

Wakainama, wakashika chini ya kona ya kushoto, wakainua, na Abdille juu yake kama sultani. Gurudumu likashuka, likatoka kwenye madigadi, nikaruka kwenye usukani nikaliwasha, nikakata kushoto, likakubali! Na hapo, jamani, ndipo akili ilinijia: juu ya yale mawe magurudumu yalikuwa yananing'inia vivyo hivyo, hayana mzigo, ndiyo maana yaligeuka kila upande. Nilikuwa nimelipimia matairi gari lisilo na watu, juu ya mawe, kana kwamba harusi yenyewe ingekuwa juu ya mawe.

Tukaingia mchangani. Na nawaambia, mchangani lile gari lilipita kama ngamia kweli, halikuzama hata kidogo. Ila njia ya kwa Mzee Gedi ina kona kadhaa za kushoto, na kila tukifika, inspekta anapaza sauti "Inueni!", askari wanainua, nakata, wanashusha, wanawake wanapiga vigelegele. Wakatunga na wimbo papo hapo. Sikuelewa maneno yote, ila kulikuwa na neno moja lililorudiwa kila ubeti, *midig, midig*, na Abdille akanitafsiria kwa uchungu: "Kulia, kulia."

Mzee Gedi aliona vumbi, akaona polisi pande zote za gari, akatoka mbio na fimbo yake. "Afande! Mkwe yangu amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, mzee. Ni tairi."

Mzee akazunguka gari zima, polepole, kama anavyozunguka ngamia wa kununua. Abdille amekaa, jasho linamtiririka, ameshikilia mlango. Mimi namfuata mzee kwa macho, maana udereva wangu wote ulikuwa mdomoni mwa yule mzee. Akatazama nyuma: hakuna mtu. Akatazama mikono ya askari, myeusi kwa grisi.

"Nilisema nikiona mkono nyuma yake," akasema mwishowe. "Nyuma sikuona. Imebebwa." Mabega yake yakaanza kutetemeka kwa kicheko. "Wallahi, mimi nimebanda ngamia miaka yote, bolisi hawajawahi kunibeba hata siku moja! Ingia ndani, Abdille. Na gari yako, kaa nayo." Kisha akaninyooshea fimbo. "Na huyu Midig, mbe chakula."

Huko mtu akipewa jina la utani amepewa mpaka kiyama. Inspekta alikula pilau na askari wake kwa haraka, akatuhimiza tulale hapohapo kabla ya kafyu, na asubuhi aliponiona akaniita kutoka ng'ambo ya barabara, "Midig, leo unaelekea wapi? Usiniambie!" Udereva niliupata, msicheke, ila wa gari lililorudishwa juu ya mawe likingoja matairi ya saizi yake kutoka Nairobi, na kazi yangu ikawa kulipangusa vumbi na kufukuza kuku wa Mwarabu walioamua nalo lina viti vizuri.

Tangu hapo nimevalisha matairi magari mengi, katika miji mingi, na kila mara wenye magari wananishangaa. Nalishusha gari chini, sitaki mawe, sitaki jeki, nazungusha usukani pande zote mbili mpaka mwisho, halafu kabla sijasema saizi hii inafaa, namwuliza mwenye gari swali moja ambalo hakuna fundi mwingine anayeuliza: ni nani katika ukoo wenu mnene kuliko wote, na anaweza kuja kukaa hapa kushoto sasa hivi?