Siku Niliyousifia Uhaba Ukweni

Jamani, hili ninalowasimulia nimelificha miaka mingi, na hata sasa nikilikumbuka uso unanishuka. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nachimba dhahabu Nyarugusu, Msukuma wa Kishapu mwenye Kiswahili cha kuokoteza, nikampenda Zuhura, binti wa Mzee Salumu, mtu wa Ujiji aliyehamia Masumbwe. Siku ya kwenda kuposa mjomba wangu Maganga alinionya, "Wewe kaa kimya, nitasema mimi," lakini mimi nikaona hapana, lazima wakwe wasikie Kiswahili changu (ujinga huo!), maana mgodini nilishamsikia mpishi mmoja wa pwani akisema huku akihema, "Hapa kuna uhaba wa wanawake," nami nikajua basi, uhaba ni mapenzi, ndugu yake mahaba.

Tukaandaliwa wali na kuku, na mwaka wenyewe mvua ilikuwa imekataa. Nikasimama. "Baba, Mama, tangu niingie nyumba hii naona uhaba mtupu!"

Mama Zuhura akashtuka, akaenda jikoni, akarudi na wali akaniongezea. Nikasema moyoni, kumbe maneno yameingia! Nikaendelea, "Hata Mama mwenyewe, uhaba umemjaa usoni." Mama akaleta sufuria yenyewe, akanikombea mpaka ukoko.

"Kijana," Mzee Salumu akasema taratibu, "tumekupa tulichokuwa nacho. Ulitaka tuchinje nini?"

Mjomba akanivuta shati. "Kaa chini! Uhaba ni upungufu, unawaambia wenzio ni mafukara!"

Ningekaa ingekuwa nafuu. Badala yake nikapaza sauti, "Siyo hivyo, Baba! Nilimaanisha mahaba! Mama amejaa mahaba, nimeyaona machoni mwake!"

Mama akajifunika uso kwa kanga, akakimbilia ndani. Mzee akasimama, akanyoosha mkono kutuonyesha mlango.

Tuliondoka hata mikono hatujanawa. Mjomba alirudi peke yake kuomba radhi, akarudi tena na tena, mpaka wakalegea, Zuhura nikampata. Ila ni yeye aliyenieleza, tumeshaoana, kwamba ule wali wa pili na ile sufuria ndicho chakula walichokuwa wamejiwekea yeye, mama yake na bibi yake, na siku ile walilalia maji. Hakucheka aliponiambia. Tangu hapo mkwe akiniwekea chakula, hata kiwe kidogo vipi, nasema "Asante, Mama," nainamisha kichwa, nakula.