Kachumbari ya Kungojea Neno

Jino langu la kwanza kung'olewa liling'olewa Londiani na mtu aliyekuwa anauza viazi. Wakati huo nilikuwa kijana, nafanya kazi ya kukata miti msituni, na jino la nyuma lilikuwa limenisumbua mpaka nikawa nalala nimekaa. Watu wakaniambia kuna fundi sokoni. Fundi mwenyewe nilimkuta juu ya gunia, na mfukoni ana koleo ya kukunjia waya wa ua. Aliipangusa kwa suruali yake, maana usafi ni muhimu, akaniuliza ni lipi, nikamwonyesha kwa kidole, naye aking'oa akang'oa la jirani yake. Zima kabisa, jeupe. Nilipolalamika na damu inatoka, akanieleza kwa upole kwamba sasa lile bovu limepata nafasi ya kupumua, na kwa kuwa nimekuwa mteja mzuri atanipunguzia bei ya viazi. Nikanunua viazi. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilinunua.

Tangu siku hiyo meno yangu yamekuwa yakiondoka moja moja kama watoto wanaokwenda Nairobi, na hakuna linaloandika barua. Yaliyobaki ni machache na hayaelewani. Kwa hiyo mama watoto hunikatia kila kitu kidogo kidogo. Nyama ananikatia kama ya paka. Viazi anavibonda. Mkate anauondoa ukingo, kama mimi ni bwana mkubwa. Ndiyo maana nasema kisu cha nyumba hii ni chake. Panga nalijua, shoka nalijua, kile kisu cha kupogolea chai nakijua hata gizani. Lakini cha jikoni, miaka yote ya ndoa, sikuwahi kujua kinalala wapi.

Kwetu mwanaume haingii jikoni. Hakuna mahali imeandikwa, na ingeandikwa nisingeisoma, maana nilifika darasa la tatu tu, halafu nikiwa na mvi nikaongeza masomo ya ngumbaru. Jikoni ni ile nyumba ndogo ya pembeni yenye moshi. Mwanaume anakaa nyumba kubwa anangoja, na chakula kinakuja chenyewe, kama mvua. Mpango huu mimi niliuona mzuri sana. Niliusifu hata kanisani. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa upande wa kungoja.

Sasa, kiangazi kilichopita, mama watoto akaenda Soin. Binti yetu mkubwa alikuwa amejifungua. Alisema wiki mbili. Soin kuko chini na joto lake ni la kukaanga mtu, lakini wiki ya sita ilimkuta bado huko, ati mtoto ana gesi tumboni. Sisi tulizaliwa na gesi na tukakua nayo. Mimi aliniachia mama jirani anipikie, na huyo alinipikia vizuri, sina neno baya, ila alikuwa hanikatii vitu, na mimi nilikuwa naona haya kumwambia.

Na hapo ndipo mambo ya kitinda mimba yakaiva.

Kitinda mimba wetu ana miaka thelathini na mitatu. Anapima watu damu katika zahanati moja Bomet. Wanaume walikuja, wanaume wakaenda, wengine aliwafukuza yeye, wengine nadhani walifukuzwa na sura yangu. Halafu akapata huyu, fundi wa mabomba ya maji, mtu mpole, anayesalimia mpaka ng'ombe. Baba yake alikufa zamani, akalelewa na mjomba wake, na bila neno la huyo mjomba hata shati hanunui. Mjomba akisema ndiyo, ng'ombe wanakuja na harusi inafanyika. Mjomba akinyamaza, basi, imekufa, na fundi wa mabomba atalia kidogo na kutii. Binti yangu alijua hivyo. Aliniambia kwa simu, bila kupamba, "Baba, huyu ndiye. Tafadhali usiniharibie." Kama mtu ambaye amezoea kuharibiwa mambo. Sijui alitoa wapi mawazo hayo.

Huyo mjomba, lazima niwaeleze, alikuwa mdomo wa milima mitatu. Hakuna harusi iliyozungumzwa huku bila yeye. Alikuwa anasimama na fimbo, anakohoa mara moja, na hata mbwa wananyamaza. Alikuwa amekuja kwangu mara mbili na wenzake, wakanywa mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, wakasifu kibuyu, wakaongea juu ya bei ya majani ya chai na magonjwa ya ng'ombe, wasiguse kilichowaleta, kwa maana ndivyo inavyofaa. Mara ya tatu ndiyo ya neno. Angekuja peke yake, Jumamosi, alasiri.

Ijumaa jioni mama jirani akafiwa na shemeji yake, akaenda mazishini. Sikumlaumu marehemu, lakini angeweza kungoja Jumapili.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilikuwa na mgeni wa maana kuliko wote maishani mwangu, na jiko ambalo silijui. Kuita mke wa jirani mwingine ilikuwa haiwezekani, kwa sababu neno la ndoa kabla halijatoka halitangazwi. Likiwa ni hapana, unataka uipokee peke yako, bila wapishi. Kuna mtungi wa gesi ambao watoto walituletea Krismasi. Mimi na huo mtungi tunaheshimiana kwa mbali. Nikampigia binti yangu. Alikuwa zamu, hawezi kutoka mpaka jioni. Akasema nisiwashe gesi. Halafu akafikiri akasema nisiwashe hata kuni. Nitengeneze kachumbari. Haitaki moto, ni kukata tu, na kwa jua hili mgeni atashukuru kitu baridi. Akanieleza polepole, kitu kwa kitu, kwa sauti ile anayotumia kwa wagonjwa wanaoogopa sindano. Mwisho akasema mjomba akishatoa neno nimpigie hapo hapo.

Jua lenyewe lilikuwa limeamua. Huku kwetu mvua inanyesha kila siku saa nane mpaka tunasahau kuna kitu kingine juu, na jua likija kweli, Februari, tunatembea kama watu walioibiwa. Chai ilikuwa imeungua pembeni, rangi ya tumbaku. Mabati yalikuwa yanalia yenyewe. Nikachuma nyanya nyuma ya nyumba, nikang'oa kitunguu na dania, nikaokota ovakado mbili zilizoanguka, pilipili, ndimu. Kisu nilikitafuta mpaka nikakipata kimechomekwa kwenye nyasi za paa la jikoni, mahali ambapo nusu ya karne nimekuwa nikipita chini yake. Nikakaa kwenye kivuli cha tangi la maji, nyuma, nisionekane, beseni katikati ya magoti.

Nikaanza na kitunguu. Hakuna mtu aliyeniambia nianze na kingine.

Mjomba alitangulia wakati wake kwa saa mbili nzima. Kwa sababu ya jua alipita njia ya nyuma, ile ya kivuli, akanikuta nimeinama, machozi yanadondoka ndevuni, kisu mkononi. Akasimama. Akavua kofia, akaishika kifuani.

"Ni nani?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Ni kitunguu," nikamwambia.

Akarudisha kofia kichwani.

Alitazama huku na huku akitafuta mwanamke, yeyote. Nikamweleza yote: Soin, gesi ya mtoto, shemeji wa jirani. Akasikiliza kama hakimu. Akavuta kreti ya soda, akaketi, akasema amewahi kuona mengi, ameona hata jogoo akiatamia mayai huko Bomet, na huyo jogoo walimchinja. Halafu akaanza kuangalia mikono yangu. Hakuangalia kwa jicho zuri. Akauliza kama vipande hivyo nawakatia ng'ombe. Nikakata kidogo zaidi. Akauliza hiyo nyanya imenikosea nini, mbona naiua mara mbili. Kila nilichofanya alikuwa na neno, na mimi jasho, na machozi, na haya, mpaka nikamsukumia beseni.

"Kama wewe unajua, mzee, si uonyeshe."

Nilitegemea akatae, aone vibaya kidogo, halafu nimwombe radhi na tuendelee. Aliangalia kushoto. Aliangalia kulia. Kulikuwa na ng'ombe tu. Akaangalia suruali yake, ile ya kitambaa kizito ya kwenda kwenye maneno, akachukua leso ya mama watoto iliyokuwa imeanikwa, akaifunga kiunoni, akakunja mikono ya shati. Akachukua kisu.

Ndugu zangu, huyo mzee alikata. Nyanya zilikuwa zinaanguka nyembamba hivi kwamba ungesoma barua kupitia kwazo. Kitunguu alikikatakata bila kutoa hata chozi, akakimwagia chumvi, akakifikicha kwa vidole, akakiosha kwa maji mara mbili ili ukali utoke. Mbegu za nyanya alizitoa, akaniambia hizo ndizo zinafanya beseni liwe bwawa. Dania alikata mwisho, majani tu. Ndimu aliibingirisha kwanza chini ya kiganja ndipo akaikamua. Ovakado aliiweka baada ya vyote, kwa uangalifu, kama anamlaza mtoto. Na alikuwa anaimba. Kwa pua, wimbo wa kanisa, lakini anaimba.

Nilimuuliza amejifunza wapi. Akaniambia, bila kuniangalia, kwamba alipokuwa kijana kabla hajaoa alifanya miaka miwili jikoni katika nyumba ya bwana mmoja wa shamba kubwa la chai. Alikuwa mpishi. Mkewe hajui. Wanawe hawajui. Watu wa milima mitatu wanajua kwamba miaka ile alikuwa ng'ambo ya mto Mara, anafanya biashara ya ng'ombe. Mimi nikamwambia mimi si mtu wa kusema. Na si mimi huyu hapa nasema, lakini wakati ule nilimaanisha.

Tulikula kwa beseni moja, na mkate, na mursik ya kibuyu cha mwisho. Vile vipande vilikuwa vidogo sana, vinapita vyenyewe. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo kikiwa kibichi. Alilegea, huyo mzee. Alinyoosha miguu. Akasifu binti yangu, ati ana macho ya mtu wa kazi. Akasema mpwa wake tangu amjue amenenepa kidogo, na anacheka. Halafu akapangusa vidole kwa nyasi, akaketi wima, akakohoa mara moja, na mimi nikajua. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni, binti yangu, nikaiacha itetemeke.

"Lile neno nililokuja nalo," akaanza.

Na hapo ndipo wachumaji wa chai wakapita.

Kwa kawaida wangepita saa kumi, kwa barabara. Lakini jua lilikuwa limewafukuza shambani mapema, na wakafuata ile ile njia ya kivuli nyuma ya nyumba yangu, kwenda kituo cha majani, wanawake sita au saba, vikapu mgongoni nusu tupu. Wakasimama wote mara moja. Mbele yao mdomo wa milima mitatu umeketi kwenye kreti, leso ya maua kiunoni, kisu pajani, dania kwenye ndevu.

Walisalimia. Hawakukosa adabu hata kidogo, hilo lazima niseme. Chamgei, mmoja mmoja, kwa heshima zote, macho chini. Aliyekuwa mbele ni mama mmoja mtu mzima, mcheshi wa kanisa letu, mwenye uso ambao haucheki hata akisema nini. Akasogeza kamba ya kikapu kwenye paji la uso.

"Boiyot," akamwambia, yaani mzee, kwa sauti tamu kabisa, "Jumamosi ijayo kwetu kuna harusi, na tulikuwa tunataka kukuita. Sasa tukuite useme, ama tukuite ukate?"

Hata hapo mambo yangeweza kupona. Wanawake walikuwa wamejizuia, wengine wamegeuza uso kwenye vikapu. Kama ningesema nimemwomba mgeni anionyeshe kisu kina makali gani. Kama ningesema leso ni yangu. Kama ningekohoa tu. Mzee aliniangalia mimi, si wao, akingoja niseme kitu, kama vile yeye amewasemea watu wengine maisha yake yote.

Mimi nikacheka.

Sikupanga. Kicheko kilianzia tumboni, kikaja, na kilipokwisha nilikuwa nimeshika tangi la maji nisianguke. Na nilipoanza mimi, na wao wakaanza, kwani wafanye nini, mwenye nyumba ameruhusu.

Alisimama. Akafungua leso polepole, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kreti, na kisu juu yake. Akateremsha mikono ya shati, akafunga vifungo, cha kulia, cha kushoto. Akachukua fimbo na kofia. Wanawake wakampisha. Nilimfuata mpaka kwenye ua nikamwita, nikamwambia mzee, ngoja, bado hujasema, nikamwambia msichana hana kosa, cheko ni langu. Simu ilikuwa imeanza tena mfukoni.

Hakugeuka. Alishuka katikati ya chai iliyoungua, bila haraka, fimbo mbele, akavuka kijito ambacho hakikuwa na maji, akapanda upande wa pili, na hakurudi.