Taa ya Injini ya Anselmo Bettencourt

Anselmo Bettencourt alikamua ng'ombe wa watu kwa miaka arobaini huko Hilmar, na wa kwake mwenyewe kwa miaka michache, mpaka bei ya maziwa ilipomvunja mgongo akawauza wote. Sasa ana miaka sabini na mmoja, magoti yamegoma, binti yake wa pekee amewafuata ng'ombe waliohamia Idaho, na mali aliyobaki nayo ni Corolla ya mwaka 2001. Gari hilo lilikuwa na kazi moja tu. Kila siku lilimpeleka Los Banos, maili thelathini na kitu kusini, kwenye nyumba ya wazee waliopotewa na kumbukumbu, akamlishe mkewe Odete. Odete hali kwa mkono wa mtu mwingine. Si kwamba anakula kidogo, hali kabisa.

Hilo lilithibitika vuli iliyopita. Anselmo alisimamishwa barabarani kwa stika ya usajili iliyokwisha muda, gari likavutwa na bredauni, akakaa siku tisa bila usafiri. Basi la wilaya linapita linapojisikia, na mwisho wa wiki halijulikani liliko. Alipofika siku ya tisa alimkuta Odete amelazwa, mifupa ya uso imetokeza, daktari anazungumzia mpira wa kumpitishia chakula tumboni. Akamlisha, mkewe akainuka. Lakini daktari alimwambia bila kupepesa macho kwamba mwili ule hauna akiba ya mara ya pili.

Kwa hiyo taa ya injini ilipowaka kabla ya Krismasi, aliliona jambo zima kwa mara moja, akakosa usingizi. Gil Avila, fundi ambaye ni mtoto wa dada yake, alichomeka mashine chini ya usukani ikatoa namba P0420. Maana yake masega yamekufa, yale ya ndani ya ekzosi yanayosafisha moshi. Katika jimbo la California gari lenye taa hiyo halipiti ukaguzi wa moshi, na lisilopita halipati stika. Masega yenye muhuri wa jimbo yalizidi bei ya gari lenyewe, na yasiyo na muhuri mkaguzi huyagundua kwa kuinama tu. Kibali cha muda hutolewa mara moja, naye alishakitumia. Kulikuwa na msaada wa serikali pia, wenye fomu zinazojibiwa baada ya wiki kadhaa. Serikali inayoijali hewa kiasi hicho, mtu angetegemea iwajali na wanaoivuta.

Hapo ndipo Anselmo alipofanya kosa ambalo ni mkamuaji tu angelifanya. Miaka yote ile, mkaguzi wa maziwa akiwa njiani, walimwagia banda maji, wakapangusa viwele, wakasuuza mabomba kwa maji ya moto, na mkaguzi akakuta kunang'aa. Basi akaazima kifaa kidogo cha Gil cha kufutia namba za hitilafu, na asubuhi ya ukaguzi, nje ya lango la kituo kule Turlock, akaifuta ile namba. Taa ikazimika. Akaingia kifua mbele. Mashine ya mkaguzi ikakuta kompyuta ya gari haina habari yoyote ya kueleza, ikamrudisha nyumbani: gari haliko tayari kupimwa.

Gil alipohadithiwa alicheka kwanza, kisha akaona uso wa mjomba wake, akakatisha kicheko.

"Mjomba, umelipiga gari rungu la kichwa, halafu ukalipeleka likatoe ushahidi."

"Nilisafisha," alisema Anselmo.

"Umesafisha mpaka akili."

Kisha akamweleza taratibu, mara mbili. Kompyuta lazima ijipime upya: gari liwashwe likiwa baridi, liende maili hamsini na tano kwa saa, mwendo ule ule, bila kukanyaga breki ovyo, mpaka kifaa kiandike kwamba iko tayari. Masega hupimwa mwisho. Kompyuta ikiyakuta mabaya mara ya kwanza, hainuni hadharani, inaweka moyoni. Injini ikizimwa, ikawashwa na kwenda safari nyingine, ikiyakuta mabaya tena, ndipo taa inawaka. Kwa hiyo alikuwa na safari moja. Asizime injini mpaka awe mbele ya mkaguzi.

Lakini ilikuwa Januari, na Januari bonde letu ni la ukungu. Siku sita mfululizo mtu hakuona hata mkono wake akiunyoosha. Anselmo aliendelea kwenda Los Banos kwa mwendo wa konokono, taa zikiwaka, akihesabu mistari ya barabara, na mwendo huo hauipi kompyuta chochote cha kupima. Ijumaa ukungu ulizidi, barabara ikafungwa, hakwenda kabisa. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya stika, na kituo, ambacho barua ya jimbo ilimtaka aende hicho tu, kilifunga saa saba mchana.

Saa nne ukungu ukainuka. Anselmo akawasha gari, akashika barabara ya kusini, maana ndiyo pekee iliyonyooka vya kutosha. Alipanga ageuzie Los Banos, arudi kaskazini moja kwa moja hadi Turlock, apite, halafu ndipo aende kumlisha mkewe akiwa na mwaka mzima mkononi. Alipoukaribia mji, kifaa cha Gil kilichochomekwa chini ya usukani kiliandika: tayari. Anselmo alikisoma mara mbili, akaanza kutafuta mahali pa kugeuzia.

Simu ikalia papo hapo. Alikuwa Mai Xiong, binti wa Kihmong, watu wa asili ya Asia, anayemhudumia Odete.

"Mzee, uko mbali? Mama hajaweka kitu mdomoni tangu juzi. Daktari anakuja saa sita, na akimkuta hivi anampeleka hospitali kwa ule mpira."

Ilikuwa saa tano kasoro. Nyumba ile ilikuwa umbali wa dakika tano. Anselmo akapiga hesabu: nusu saa ya kumlisha, injini ikiunguruma nje, na bado angefika Turlock mapema. Aliegesha karibu na mlango, akavuta breki ya mkono, akaacha ufunguo mahali pake.

Odete alikuwa ameketi dirishani, midomo imekauka. Mai alileta bakuli la sopas, mkate uliolowekwa kwenye mchuzi wa nyama, jinsi Anselmo alivyowafundisha wapishi. Odete hakulitazama. Alimtazama mumewe, ingawa jina lake lilimtoka siku nyingi.

"Wamekamuliwa?" aliuliza.

Kwenye nyumba za wakamuaji hakuna anayemega mkate kabla ng'ombe hawajakamuliwa, na Odete alikuwa ameshika hilo tu katika yote aliyoyapoteza.

"Wote," alisema Anselmo. "Hata yule mweusi mwenye vurugu."

Odete akachukua mkono wa mumewe, akapapasa vifundo vilivyovimba, akasugua kidole gumba kama anayekagua kitambaa dukani. Kisha akafungua mdomo. Alikula lote, akakwangua na bakuli.

Mai alirudi na ufunguo mkononi, anatabasamu.

"Mlinzi amekuzimia gari, Mzee. Ulilisahau likiunguruma."

Nyumba ile huzima vitu kutwa nzima: mabomba, birika, televisheni za watu waliokwisha kulala. Mlinzi alimwona mzee mwingine aliyesahau. Anselmo aliupokea ufunguo, akasema asante, akatoka upesi kadiri magoti yalivyomruhusu.

Alifikiria kwenda polepole ili kompyuta isipime, lakini saa haikumruhusu. Akaenda maili hamsini na tano. Alipovuka daraja la mto taa ikawaka. Aliegesha pembeni, akaipiga dashibodi ngumi, mara nyingi, hadi mkono ukauma. Kisha akageuza gari kurudi kusini.

Kwa kuwa kesho gari lisingeruhusiwa barabarani, alimkalisha Mai mahali pake wakati wa chakula cha jioni. Alimweleza jina la kila ng'ombe, na la kusema, na kwamba asiharakishe. Mai alikariri vizuri, masikini, na Odete alipouliza akajibu kwamba wote wamekamuliwa, hata mweusi.

Odete akauchukua mkono wa Mai, akaugeuza, akaupapasa, laini kwa sabuni na losheni.

"Huyu hajashika ng'ombe," alisema, akaurudisha kwa mwenyewe. Akafunga mdomo.

Mai alijaribu mara ya pili, na ya tatu, mchuzi ukaganda mafuta juu. Akamtazama Anselmo, macho yamemjaa machozi.

"Kesho nitajaribu tena, Mzee."

Anselmo alivuta kiti, akachukua kijiko, maana ilikuwa bado leo.