Supu ya Dungusi

Nilipofika Sirisia Jumamosi ile, nilimkuta mama ameshikilia ukuta wa jikoni, uso umelowa jasho. Mimi nafundisha biolojia Kitale, na nilikuwa nikienda kumwona kila nipatapo nafasi tangu aanguke akavunjika mkono. Daktari alisema mifupa yake imepungukiwa na kalsiamu.

“Ni mgongo tu,” alisema. “Huku kwa mbavu.” Kisha akanong’ona, “Mkojo unatoka na damu.”

Baba aliuawa na figo, na ugonjwa wake ulianza hivyo hivyo.

Mekoni palikuwa na sufuria ya majimaji ya kijani yanayovutika kama mlenda. Nikauliza ni nini.

“Si ni dungusi, ule mmea wa miiba wa pale kwa ua. Mama mmoja wa kanisa aliniambia imejaa kalsiamu. Nakunywa asubuhi na jioni.”

“Unakata vipande gani?”

“Vile vizee vya chini. Ndivyo vinene.”

Hapo hofu ikazidi. Yule mama hakudanganya: mizizi ya dungusi hufyonza kalsiamu pamoja na maji, na maji yakipanda huipeleka kwenye vile vipande bapa vyenye miiba. Ikishatulia humo, hairudi. Mmea huifunga kwa asidi ya oksaliki, ikawa fuwele zenye ncha, na kipande kikizeeka fuwele huzidi. Nimezionyesha darasani kwa hadubini: nyota kali, kama glasi iliyovunjika. Kalsiamu iliyofungwa hivyo haifiki mifupani ila kidogo sana. Nayo oksaliki inayopenya damuni hutolewa na figo, na humo inaweza kukutana na kalsiamu ya mwili, ikafanya mawe.

Tukielekea hospitali Bungoma, mama alinibana mkono. “Kama ni figo, niambie. Baba yako alinificha mpaka mwisho.”

Niliushika mkono wake mpaka tukafika.

Picha ya figo ilionyesha jiwe dogo. Daktari, dada kijana, alisema hawezi kuapa kwamba limeletwa na dungusi, kwa sababu mama pia hanywi maji ya kutosha, lakini aiache kabisa. Jiwe lilitoka siku chache baadaye, kwa yowe lililowatoa majirani mashambani.

Sasa anaishi kwangu Kitale. Nampa maziwa na samaki wadogo wa omena, na maji anakunywa akinung’unika. Akikawia chooni nasimama nje ya mlango, nasikiliza, mpaka aniulize ninangoja nini.