X Mbele ya Jina Langu

Mama mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa aliitikia shikamoo yangu vizuri, akanipa kigoda, akanipa na maziwa ya mgando, kisha akaninyima barua. Nilikuwa nimemfuata nyumbani kwake na binti yangu wa miaka mitatu mgongoni, kalala, mate yamelowanisha kola ya sare yangu ya unesi. Barua yenyewe ilikuwa ya mistari minne tu: mama huyu ni mwanajumuiya hai, anaomba mtoto wake abatizwe. Bila barua hiyo padre wetu hakumgusa mtoto wa mtu.

"Mwanangu, kanuni ni kanuni," aliniambia. "Mimi sikuitunga. Una X nyingi mno."

Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu. Alilifungua upande wake, akapitisha kidole, akatikisa kichwa, akalifunga. Aliyehudhuria sala ya Jumamosi aliwekewa alama ya vema. Aliyeomba udhuru aliandikiwa R, yaani ruhusa. Asiyeonekana alipigwa X. Ukifikisha X tatu mfululizo husaidiwi kitu: hakuna ubatizo wala ndoa, na ukifa utazikwa na ndugu zako bila wimbo. Mimi nilikuwa nimeulizia barua hiyo mara tatu tangu nihamie pale, na mara zote jibu lilikuwa hilohilo.

Nilishukuru kwa maziwa. Nilitoka pale nimevimba kwa hasira hata nikapita njia ya kwenye mashamba ya maharage ili nisikutane na mtu wa kunisalimu.

Naomba nieleze Jumamosi zangu. Nilizaliwa Bashay, upande wa Mbulu, kwa watu wa kanisa. Baba yangu alifyatua matofali ya parokia yetu kwa mikono yake. Serikali ilinipangia zahanati moja upande wa Hanang, nikafika na mtoto wa miezi mitatu. Mume wangu, mwalimu, walimpeleka Kiteto. Tulikuwa tumepewa mkoa mpya wa Manyara, tukaambiwa kwenye mikutano kwamba huduma zimesogezwa karibu. Mimi na mume wangu tulikuwa mkoa mmoja na kuonana ilikuwa safari ya siku mbili. Tabibu wetu naye alikuwa haishi kuitwa Babati kwenye semina. Kwa hiyo zahanati ilikuwa mimi, mhudumu mmoja wa usafi, na binti yangu aliyekuwa akicheza barazani na vifuniko vya chupa za chanjo.

Jumamosi ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, kwa sababu ndiyo siku akina mama walipoteremka mnadani. Saa tatu asubuhi, wakati jumuiya inaanza rozari, mimi nilikuwa nimeshika mizani. Saa tano jumuiya ikimalizika, walewale wanawake walikuja na wajukuu zao kupanga foleni, wakaanza kulalamika kwamba nesi anachelewa. Wengine waliniuliza kwa sauti ya upole, mbele za watu, mbona siku hizi sionekani kwenye sala. Nilikuwa nimemshika mtoto wa mmoja wao mguu, namchoma sindano, na yeye ananiuliza mbona sionekani!

Nilikuwa na kikombe cha bati cha bluu, kimebanduka rangi ukingoni. Kilikaa kwenye rafu ya chumba cha kuzalishia, kando ya mkasi. Padre mwenyewe alinifundisha mwaka wa kwanza: mtoto akizaliwa hoi, na padre yuko mbali, mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Chukua maji, mmwagie kichwani, sema maneno. Kisha mimi nimpelekee jina aliandike kwenye kitabu chake. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wengine hawakuwa na jina, nikawapa mimi. Karibu wote walikufa kabla maji hayajakauka.

Kabla ya kikombe huwa kuna dakika chache za kazi. Unamfuta mtoto, unamsugua mgongo, unampulizia hewa kwa ule mfuko wa mpira, na wakati wote huo unasema, "Lia. Lia, bwana. Lia." Ukiniuliza mimi nasali lini, nasali hapo. Sijui sala nyingine niliyowahi kuisema kwa moyo wangu wote. Akilia, nimejibiwa. Asipolia, nanyoosha mkono kwenye rafu, na siku hizo Mungu na mimi hatukuwa tukielewana vizuri.

Mwezi mmoja kabla ya ile siku ya maziwa, Jumamosi asubuhi, ulikuja mkokoteni wa ng'ombe wawili mpaka mlangoni kwangu. Ndani yake alilala binti wa mwenyekiti wa jumuiya. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi yake, wakamkawiza nyumbani. Niliwaambia akina mama wa kliniki wasubiri. Mwenyekiti alisimama kwenye mlango wa chumba cha kuzalishia na rozari mkononi. Mtoto alikuja wa kike, mzima wa viungo, wa rangi ya majivu. Nilisugua, nikapuliza, nikasema lia. Moyo ulipiga, ukasitasita, ukapiga tena.

"Mbatize, mwanangu!" mwenyekiti alipiga kelele. "Mbatize upesi, asiondoke hivihivi!"

Nilichukua kikombe. "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Jina alilitaja mwenyekiti, la mama yake mzazi. Saa sita mtoto akawa amekufa. Mwenyekiti alimfunga kwenye kanga, akanishika mikono yote miwili, akasema kwa Kiiraqw kisha kwa Kiswahili, "Umemwokoa." Walimzika jioni ileile kwa nyimbo zote. Mimi nilirudi kwenye mizani, maana foleni ilikuwa bado ipo.

Binti yangu alikuwa barazani. Sikufikiri kwamba alikuwa anatazama. Siku chache baadaye nilimkuta nyuma ya zahanati amechuchumaa, ana gunzi la mahindi na kifuniko cha chupa chenye maji. Aliligongagonga gunzi mgongoni, akaliambia, "Lia. Lia, bwana." Akasubiri. Kisha akalimwagia maji kichwani, akanong'ona maneno yasiyoeleweka, akalizungushia kitambaa na kulifukia kwenye kishimo alichokwisha kukichimba. Aliupigapiga udongo kwa kiganja, taratibu kabisa.

"Unafanya nini, mama?" nilimuuliza.

"Nabatiza."

Nilimnyanyua pale kwa nguvu mpaka akalia. Nilikuwa na hasira na yeye, kwa kosa gani sijui. Mtoto wangu alikuwa akijua ubatizo kwa namna moja tu, na namna hiyo alijifunza kwangu, kwa sababu ya kanisani tulikuwa tumenyimwa. Ndiyo maana nilikwenda mara ya tatu kuomba barua. Nilitaka aone watoto wanene wenye magauni meupe wakimwagiwa maji na kurudi nyumbani kula wali.

Nikanyimwa tena. Mtauliza kwa nini sikumkumbusha mwenyekiti ile Jumamosi ya mkokoteni. Sikumkumbusha kwa sababu yanayotokea kwenye chumba changu cha kuzalishia hayatoki humo kwenda kumpiga nayo mtu usoni. Yule mama alikuwa amefiwa. Nilimeza. Nilidhani pia kwamba hana haja ya kukumbushwa.

Wiki mbili baadaye binti yangu aliugua. Ilikuwa Jumapili, jua la saa nne, kengele ya misa ya pili ilikuwa imelia. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Bashay kunitembelea. Mtoto aliamka na joto, akakataa uji, na kabla sijamaliza kumpima alikakamaa mikononi mwangu, macho yakageuka juu. Degedege. Nilikimbia naye kutoka nyumba ya watumishi mpaka zahanati, hatua kama sitini, na mama yangu nyuma yangu kanga ikimdondoka.

Nilimlaza kwenye kitanda kilekile cha kuzalishia. Nilimpa dawa ya kutuliza degedege, nikapima kwinini mara mbili kwa kuwa sikuyaamini macho yangu, nikamchoma. Bado alikuwa hatingishiki. Nilinyoosha mkono kwenye rafu, nikashika kikombe cha bluu, nikachota maji.

"Ndiyo, mwanangu," mama yangu alisema, akapiga magoti palepale sakafuni. "Mbatize. Mbatize, Mungu atakusamehe ya barua."

Nilichovya kitambaa kwenye kikombe, nikamfuta mtoto kwapani, shingoni, mapajani. Sikumpaka hata tone kichwani.

"Mbatize!"

"Simbatizi."

"Unataka afe mpagani?"

"Sitaki afe!" Nilimpigia mama yangu mzazi kelele, kitu ambacho sijawahi kukifanya kabla wala baada. "Nikisema yale maneno nimemruhusu aende. Simruhusu. Na wala sitampitisha kwa Mungu kwa mlango wa nyuma kwa sababu watu wake wamefunga wa mbele. Atabatizwa kanisani akiwa amesimama. Sasa nishikie taa nione mshipa."

Hapakuwa na taa, ilikuwa mchana. Mama yangu aliinuka, akafungua dirisha. Nikaendelea kumfuta na kumsugua mgongo, nikisema lia, lia bwana. Nilimwambia Mungu mambo mengine pia, ambayo padre asingependa kuyasikia. Niliwataja wote niliompelekea kwa kikombe kile. Nilimwambia huyu hapana, wale wanatosha. Watu walipokuwa wakitoka misa, tukasikia vicheko vyao barabarani, binti yangu alikunja uso na kulia kwa hasira kwa sababu nilikuwa namkwaruza na kitambaa. Mama yangu alikaa chini akalia naye.

Mama yangu hana dogo. Jumatatu asubuhi kijiji kizima kilijua kwamba nesi amekataa kumbatiza mwanawe kwenye mauti. Saa nne mwenyekiti akaingia zahanati, daftari kwapani, maana alikuwa njiani kwenda kwa padre. Hakukaa.

"Mwanangu, nimesikia neno limeniumiza. Watoto wa wenzio uliwabatiza. Wa kwako umemwacha kwenye hatari. Hiyo ni imani ya namna gani?"

Nilikuwa sijalala. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, bado wa moto. Niliweka chini chupa niliyokuwa nimeshika, nikamwomba daftari. Alisita, akanipa. Nilitafuta ile Jumamosi kurasa mbili nyuma. Siku hiyo yeye hakuwepo kwenye sala, kwa hiyo alama alizijaza katibu wake, na yeye akaweka sahihi chini ya ukurasa baadaye. Mbele ya jina la mwenyekiti paliandikwa R. Nikashuka na kidole mpaka kwangu. X.

Nilimgeuzia daftari.

"Jumamosi hii, mama, wewe ulikuwa wapi?"

Aliangalia tarehe kwa muda mrefu. 

"Nilikuwa hapa," alisema.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Alitazama ile X. Nilimuuliza tena, kwa sauti ya juu zaidi, na akina mama waliosubiri nje walisikia wote. Sikujali tena chumba cha kuzalishia na siri zake.

"Ulikuwa na mimi," alisema. "Ulikuwa umemshika mjukuu wangu."

Alitoa kalamu kwenye matiti. Alisema atairekebisha sasa hivi, ataniandikia R, tena atarudi nyuma aziandike R Jumamosi zangu zote, na barua ataiandika hapohapo. Alianza kulia. Ningeweza kumhurumia. Nilimhurumia kweli, baadaye, lakini siyo saa ile.

"Siitaki R," nilimwambia. "R ni ya mtu aliyeomba asiwepo. Andika nilikuwepo."

Alipiga alama ya vema juu ya ile X, kwa kukandamiza, mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akazipiga nyingine zote, ukurasa kwa ukurasa, amesimama kwenye kona ya meza yangu, nami nikaita mgonjwa wa kwanza.

Binti yangu alibatizwa mwezi uliofuata, na watoto wengine wanane wa kubebwa. Yeye alikuwa amesimama kwa miguu yake, gauni limeshonwa na mama yangu, refu mno mbele. Mwenyekiti alikuwa benchi la pili, na mimi nilikuwa bado sijamsalimia zaidi ya shikamoo. Mume wangu alisafiri siku mbili kutoka Kiteto akafika na vumbi kwenye nyusi. Padre aliinamisha kichwa cha mtoto, akamwagia maji. Hakulia. Alisimama akiwa amekaza mwili, macho ameyafumba kabisa, mikono ameibana mapajani, na watu wakasema jamani mtoto mpole huyu.

Aliporudi kwenye benchi alinivuta kanga. Maji yalikuwa yanamtiririka shingoni.

"Mama," alinong'ona, "sasa mnanifukia?"

Nilimpakata, nikambana kifuani mpaka blauzi yangu ikalowa. Nilimwambia hapana, mama, ukishabatizwa unaenda nyumbani kula wali. Alinitazama usoni kwa makini kuona kama nasema kweli, na hakuniamini mpaka tulipofika mezani na sahani ikawekwa mbele yake.