Mama Sentimita Avuka na Tanga Lake

Kulikuwa na mambo mawili ambayo Mama Sentimita hakuwahi kuyafanya, na mji mzima uliyajua: kukosea, na kuendesha chombo baharini peke yake. Hilo la pili aliliona dogo. Alikuwa ameshona matanga miaka ishirini na sita, na kwa hesabu yake, anayejua tanga anajua bahari, kama vile mshona viatu anavyozijua barabara zote.

Kazi aliifanyia katika chumba cha mbele. Kulikuwa na cherehani nzito ya chuma, madirisha mawili, na sakafu iliyosuguliwa hadi ikang'aa, ambayo hata mumewe hakuruhusiwa kuikanyaga kwa viatu. Turubai alilitandaza chini, ukingo mmoja akausogeza ugusane na ukuta wa kushoto, mwingine na ukuta wa mbele, kisha akapiga chaki kuanzia hapo. Kifaa cha kupimia pembe hakuwa nacho wala hakukitaka. Pembe ya chumba ilimtosha. Aliyejenga chumba ni kaka yake, fundi mwashi, na katika ukoo ule watu hawakosei.

Wateja waliorudi kulalamika walihudumiwa vizuri sana.

"Mama, hili tanga linavuta. Chombo kinataka kugeukia upepo kila saa, usukani unakuwa mzito."

"Tanga halina mikono, baba. Anayevuta ni wewe."

Basi mtu akarudi kwake akijikagua mikono.

Wa kwanza kuambiwa hivyo alikuwa mumewe mwenyewe. Enzi hizo alikuwa nahodha, tena wa kusifiwa. Miaka kumi na miwili iliyopita alimwambia mkewe kwa upole kwamba tanga lake jipya linavuta. Mkewe akamjibu pale gatini, mbele ya wenzake, kwamba anashika usukani kama mtu anayekoroga chai. Watu wakacheka wiki nzima, na jina likamganda: Mkoroga Chai. Abiria nao hawapendi kuvushwa na mtu wa jina kama hilo. Mwaka haukwisha, akauza chombo, akapata kazi ya kulinda ghala la saruji, mahali pasipo na upepo wala usukani. Hakusema neno. Mama Sentimita aliuchukua ukimya ule kuwa ni kukiri kosa, maana ukimya wa mume hutafsiriwa na mke apendavyo.

Mwaka huu ikawa zamu ya shemeji yake, mume wa dada yake, anayeishi kisiwa cha pili. Alikuja na chombo chake, akakiacha gatini pamoja na tanga, akarudi kwao kwa feri. Kutoka huko akapiga simu.

"Shemeji, nakuheshimu sana, lakini ni mara ya tatu hii. Nishonee upya, au nimpe kazi yule fundi wa mahema."

Fundi wa mahema! Mama Sentimita alikaa kitako. Shemeji akihama, kisiwa kizima kitahama naye, na jina alilolijenga miaka ishirini na sita litakwenda kulala chini ya hema.

"Hakuna kushona upya," alisema. "Chombo chako nitakuletea mimi, peke yangu, na tanga hilohilo. Nikifika, uniombe radhi mbele ya watu."

Alifanya mazoezi wiki sita ndani ya ghuba, ambamo upepo una adabu kama feni ya ofisini. Siku ya safari mumewe alikagua kamba zote, akamfunga jaketi la kuokolea maisha, akasema, "Ukitoka nje, usishindane na usukani. Legeza kamba ya tanga kwanza."

"Nimesikia," alijibu, kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia. Mumewe akapanda feri ya asubuhi akamsubiri ng'ambo.

Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alipotoka tu nje ya ghuba, kunguni wakaamka. Chombo kiligeuza pua kuukabili upepo. Akakirudisha. Kikageuza tena. Alikilaumu chombo, akalaumu mawimbi, akamlaumu shemeji kwa ubahili wa rangi, akalaumu upepo. Alipomaliza orodha alitazama huku na huku. Ndani ya chombo hakuwamo mtu mwingine wa kumwambia kwamba ndiye anayevuta.

Mikono ilipokufa ganzi, alilegeza kamba. Usukani ukawa mwepesi papo hapo. Akainua macho. Maisha yake yote alikuwa akiyatazama matanga kutoka juu, yakiwa yamelala sakafuni. Leo kwa mara ya kwanza alilitazama tanga kutoka chini, likiwa kazini. Tumbo la tanga, pale linapojaa upepo, lilikaa nyuma mno. Mshono uliopaswa kunyooka ulikwenda upande, kidogo tu, upana wa vidole viwili, na ule upande aliutambua mara moja. Ulikuwa uleule wa ukuta wa kaka yake, uliojengwa upande.

Nyani haoni kundule, lakini siku akiliona, haoni kingine. Alifikiria matanga yote yaliyotoka kwenye pembe ile. Halafu akamfikiria mumewe, miaka kumi na miwili akihesabu mifuko ya saruji, na akaona aibu iliyomuuma kuliko mikono. Alilia kwa sauti.

Alifika adhuhuri, amenyooka kama mstari. Ufuoni watu walipiga makofi. Shemeji, mtu muungwana, alikuwa tayari ameshavua kofia.

"Shemeji, umenishinda," alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Tanga halina kosa. Naomba radhi."

Mambo yalikuwa yamekwisha, tena kwa ushindi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kazi ambayo hakuwa na uzoefu nayo. Mumewe alisimama nyuma ya watu, amembebea viatu vyake.

"Linavuta," alisema Mama Sentimita.

"Nini?"

"Tanga. Linavuta, na lile la mume wangu lilivuta vilevile. Yeye alishika usukani sawasawa. Aliyekosea ni mimi."

Wawili watatu walicheka, wakidhani ni mzaha wake. Wengine waligeuka kumtazama mlinzi wa ghala. Yeye alipita katikati yao taratibu, akaingia majini hadi magotini, akaikagua mikono ya mkewe iliyochubuka. Akampa viatu.

"Pole, mke wangu," alisema. "Sasa rudia. Wale wa nyuma hawakusikia."

Mama Sentimita alivuta pumzi, akarudia kwa sauti ileile ya gatini.